Choo cha umma: neno, tundu na mtumiaji

Choo cha umma ni choo kilichowekwa kwa ajili ya mtu yeyote aliye mbali na kwake: msafiri katika stendi, mchuuzi sokoni, mvuvi mwaloni, mzazi aliyempeleka mtoto bustanini. Maana hiyo yaonekana nyepesi. Hata hivyo, wanaofasiri au kufundisha maandishi ya afya, ujenzi na mipango miji hugundua upesi kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kwamba kila neno hubeba uamuzi wake. Anayechanganya choo na tundu, au umma na serikali, anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa la kisarufi ambayo fundi akiifuata atajenga kitu kisichotosha. Makala haya yanayaeleza maneno hayo kwa mifano ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako barabara ndefu na ufuo wa Ziwa Viktoria huweka wazi tofauti zake.

Choo na chooni

Choo ni nomino ya ngeli ya KI-VI: choo hiki, vyoo hivi. Lina maana mbili kuu. Ya kwanza ni mahali pa kwendea haja; ya pili ni kinyesi chenyewe, kama katika kupata choo au kufunga choo. Muktadha hutenganisha maana hizo, ila mfasiri wa maandishi ya hospitali apaswa kuwa macho: "Choo kimefungwa" ni habari ya mlango, na "Mtoto amefunga choo" ni habari ya tumbo.

Kiambishi cha mahali -ni huleta tofauti nyingine. "Choo kimejaa" humaanisha kwamba shimo au tangi limefika mwisho. "Chooni kumejaa" humaanisha kwamba watu ni wengi kuliko nafasi. Hayo ni matatizo mawili, na tiba zake ni mbili: la kwanza lahitaji gari la kunyonya majitaka, la pili lahitaji matundu zaidi. Ripoti isiyochagua kati ya sentensi hizo humwacha msomaji bila kujua fedha zipelekwe wapi.

Tasfida: haja, msalani, kuchimba dawa

Vitenzi kunya na kukojoa ni vya asili, lakini mbele za watu huonekana vikali. Kwa hiyo husemwa kwenda haja kubwa au ndogo, kujisaidia, kwenda msalani. Msala, kwa maana ya kwanza, ni mkeka wa kusalia. Maana ya choo hujitokeza zaidi katika umbo la msalani. Maliwato ni mahali pa kuogea na kwenda haja, na lina ladha ya heshima ifaayo ofisini au katika nyumba za wageni. Vibao vya ukutani, kinyume chake, huandikwa "Usikojoe hapa" bila pambo lolote, kwa kuwa katazo linalozungukazunguka hupoteza nguvu.

Katika safari za mabasi nchini Tanzania kuna tasfida ya namna yake: kuchimba dawa. Basi likisimama porini ili watu "wakachimbe dawa", abiria huelewa kwamba wanashuka kuingia vichakani. Picha ni ya mtu aendaye kutafuta mizizi, ambaye haulizwi maswali. Safari ya Bukoba hadi Dar es Salaam huzidi kilomita 1,300. Basi hupita Muleba, kisha Kyamyorwa, njia panda ambako barabara ya Biharamulo huachana na ile iendayo Geita na Mwanza. Kwa kijana mwenye nguvu, kuchimba dawa ni mzaha wa safarini. Kwa mama mjamzito, mzee wa mkongojo au msichana aliye katika hedhi, si mzaha. Hapa tasfida haikusitiri tendo peke yake. Imesitiri pia ukosefu wa jengo. Mwalimu wa isimujamii hatapata mfano bora zaidi wa kuwauliza wanafunzi wake: neno hili la adabu linaficha nini?

Jengo, choo na tundu

Katika maandishi rasmi ya Tanzania, vyoo vya shule huhesabiwa kwa matundu. Kiwango kinachotumika ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Tundu katika matumizi haya si shimo la sakafuni tu, bali ni chumba kizima cha mtu mmoja. Sentensi "Kijiji kimejenga vyoo viwili" yaweza kumaanisha majengo mawili yenye matundu 12, au vyumba viwili tu. Mfasiri akiandika jengo, tundu na mahali pa kukojolea kila kimoja kwa jina lake, utata huo huisha.

Hesabu ya matundu ndiyo pia inayofichua upendeleo. Ukigawa jengo nusu kwa nusu, upande wa wanaume huhudumia watu wengi zaidi, kwa sababu mahali pa kukojolea huchukua nafasi ndogo, na wanawake huhitaji muda mrefu zaidi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura viitwavyo Sphere hupendekeza matundu 3 ya wanawake kwa kila 1 la wanaume. Uwiano huo una maana katika mialo ya Muleba na Bukoba. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku na kurejea alfajiri, na wanawake wengi huwa ufuoni kununua na kuanika. Choo kinachofunguliwa asubuhi kwa saa za ofisi, katika mwalo unaoamka kabla ya jua, ni choo kwenye karatasi tu.

Shimo, bomba na ufuo

Choo cha shimo ndicho cha gharama ndogo. Kanuni yake ya kawaida ni kwamba kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na chini ya shimo kubaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Karibu na ziwa kanuni hiyo ni ngumu kuitimiza: maji hayako mbali, pengine kuna mwamba, na Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilifurika na kuingia katika makazi ya ufuoni katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Shimo likifurika, kinyesi hufika majini. Kipindupindu huenea, na mayai ya kichocho cha matumbo huwafikia konokono wanaoendeleza ugonjwa huo.

Aina iliyoboreshwa ni choo cha shimo chenye bomba la hewa, kilichobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika nchi iliyo Zimbabwe ya leo. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Inzi hufuata mwanga wa juu ya bomba na kunaswa na wavu. Kwa sababu hiyo chumba hutakiwa kuwa na kiza kidogo. Msanifu wa choo cha umma hukutana hapa na mgongano wa kweli: kiza kinachowanasa inzi ndicho kinachomtia mwanamke hofu ya kuingia usiku. Taa iwashwayo mtu anapoingia na komeo la ndani lililo imara hupunguza mgongano huo.

Ufuoni, suluhisho jingine ni choo kilichoinuliwa juu ya tangi lisilovuja. Lakini kuinua huleta ngazi, na ngazi humzuia mwenye kiti cha magurudumu. Kwa kipimo cha kawaida cha 1 kwa 12, sakafu iliyoinuliwa mita 1 huhitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 12. Ndiyo maana njia hiyo ndiyo ifutwayo kwanza fedha zinapopungua, na ndiyo maana yafaa iandikwe kwa vipimo vyake tangu mwanzo, badala ya kuachwa ndani ya maneno "miundombinu rafiki".

Umma ni nani?

Umma ni watu wote kwa ujumla; lakini katika mtumishi wa umma au sekta ya umma neno hilo huelekea serikalini. Choo cha umma hubaki katikati: ni cha watu wote kwa matumizi, na mara nyingi si cha yeyote kwa usafi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea, ilihimiza pamoja na mengine uchimbaji wa vyoo vya nyumbani. Kaulimbiu ya miaka ya karibuni, Nyumba ni Choo, hukiunganisha choo na nyumba kwa kitenzi kishirikishi ni, na hivyo humpa choo mwenyewe. Kambi ya wavuvi au njia panda haina mwenye nyumba, kwa hiyo kaulimbiu haiifikii.

Jijini Nairobi, msanifu majengo David Kuria alianzisha vyoo vya kulipia vya Ikotoilet, vyenye huduma nyingine kama kung'arisha viatu. Jina lenyewe hucheza na iko ya mazungumzo ya Kenya, ambapo Kiswahili sanifu kingesema kuna. Choo cha kulipia, basi, si kinyume cha choo cha umma. Ni jibu mojawapo la swali la nani atakifagia.

Mlangoni hubaki herufi mbili: ME na KE, kutoka mizizi -ume na -ke. Mgeni ajuaye Kiingereza huweza kulisoma ME kama neno la lugha hiyo. Mahali penye wageni, picha iambatane na herufi.

Mfano wa kuandika upya

Dhaifu: "Mwaloni vitajengwa vyoo vya umma vya kisasa."

Bora: "Mwaloni litajengwa jengo 1 lenye matundu 8, 6 ya wanawake na 2 ya wanaume, pamoja na mahali pa kukojolea na pa kunawia mikono. Tundu 1 kila upande litafikiwa kwa njia ya mteremko. Jengo litakuwa wazi usiku na mchana, na kamati ya mwalo itasimamia usafi na unyonyaji wa tangi."

Sentensi ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mvuvi na muanika dagaa wanaweza kuishika mkononi na kuuliza lipi limetimizwa.