Daftari la Katibu wa Mashindano ya Farasi

Katika kiwanja cha maonyesho cha kaunti, huko mashambani Marekani, mashindano ya farasi huanzia mezani kwa katibu. Ni Jumamosi asubuhi na mapema, matrela yanaingia yakifuatana, na foleni imekwisha kujipanga. Kila mtu anataka namba yake ya mgongoni. Katika majimbo mengi kila farasi hudaiwa pia cheti cha kipimo cha Coggins, kinachoonyesha kama ana maambukizi ya upungufu wa damu wa farasi, ugonjwa wa virusi usio na tiba. Mzazi mmoja anaongeza mchuano, mwingine anamwondoa farasi aliyeamka akichechemea, wa tatu anauliza kama mdogo mtu anaweza kumpanda farasi yuleyule mchana. Ikifika saa tatu, karatasi ya katibu imejaa mishale na mistari ya kukata, na mtangazaji ameshika kipaza sauti akingoja orodha.

Katibu huyo kwa kawaida halipwi. Mashindano ya ngazi hii huendeshwa na vikundi vya vijana kama 4-H, vuguvugu lililoanzia Ohio mwaka 1902, au na matawi ya Pony Club, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1929 na kufika Marekani mwaka 1954. Ada za washiriki hulipia mwamuzi, tepe za washindi na choo cha kukodi. Programu za kulipia zinazotumika kwenye mashindano makubwa haziingii katika bajeti hiyo. Ndipo programu za bure zinapopata nafasi, na ndani yake mna sayansi nzuri ambayo waandaaji wengi huitumia bila kuijua.

Makosa huanza na mtindo wa kuandika kila kitu kwenye mstari mmoja: mtoto, farasi, simu ya mzazi, michuano, ada. Mstari huo unafaa hadi mtoto atakapokuja na farasi wawili, au farasi mmoja apandwe na ndugu watatu. Hapo jina la farasi linaandikwa mara tatu, mara mbili kwa usahihi na mara moja kwa kukosea herufi, na kompyuta inahesabu farasi wawili. Dawa ya tatizo hili ilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mwanahisabati wa kampuni ya IBM, aliyeeleza namna ya kugawa taarifa katika majedwali yanayohusiana, kila jambo likiandikwa mahali pamoja tu. Kwa mashindano madogo majedwali manne yanatosha: wapanda farasi, farasi, michuano na uandikishaji. Hilo la nne ndilo moyo wa kazi. Kila mstari wake unasema jambo moja: mpanda huyu, akiwa na farasi huyu, yumo katika mchuano huu.

Faida yake huonekana unapouliza swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu. Orodha iliyopangwa kwa majina ya watoto itakuonyesha kila mtoto ana michuano mitatu, kiasi cha kawaida. Ipange upya kwa majina ya farasi, utagundua kuwa farasi mmoja mzee anayetumiwa na ndugu watatu ana michuano tisa siku ya joto kali. Farasi hana wa kumsemea pale mezani isipokuwa daftari lenyewe, na kwangu mimi hoja hii peke yake yatosha kumfanya katibu aiache karatasi.

Wengi huanza na lahajedwali, na si vibaya. LibreOffice, programu huria iliyozaliwa mwaka 2010, hupakuliwa bure na hufanya kazi bila intaneti, jambo la maana sana katika viwanja ambako mtandao haushiki. Lakini lahajedwali lina mtego wake. Andika “10-12” ukimaanisha watoto wa miaka 10 hadi 12, na huenda programu ikageuza maandishi hayo kuwa tarehe, bila kukuuliza. Wanasayansi wa jenetiki waliteswa na tabia hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 ziligeuzwa kuwa tarehe za Machi na Septemba, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilipotangaza kuwa imeyabadilisha majina hayo. Katibu ana njia rahisi zaidi: aiambie programu tangu mwanzo kwamba safu hiyo ni ya maandishi. Anayetaka kwenda mbele kidogo ana SQLite, hifadhidata iliyotungwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Haina mmiliki wala leseni ya kulipia, na mashindano yote hukaa ndani ya faili moja inayoingia kwenye kidude cha USB.

Kisha ratiba. Tuseme kuna viwanja viwili na michuano 20. Chora nukta kwa kila mchuano, halafu unganisha nukta mbili kwa mstari kila unapomkuta mpanda au farasi aliyemo kote kuwili. Michuano iliyounganishwa haiwezi kufanyika kwa wakati mmoja. Wanahisabati hulijua tatizo hili kama upakaji rangi wa grafu: upe kila nukta rangi, wala zilizounganishwa zisifanane. Mwaka 1972 Richard Karp alionyesha kuwa ni miongoni mwa matatizo ambayo, yanapokuwa makubwa, hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora kila mara. Kwa michuano 20 kompyuta mpakato ya kawaida haipati taabu. Kwa mkono, mtu hukesha.

Hesabu ya muda, kwa upande mwingine, haihitaji kompyuta. Ukimpa kila farasi dakika 8 katika mtihani wa dresaji, yaani kuingia, kufanya miondoko, na mwamuzi kumaliza kuandika, farasi 40 watachukua dakika 320. Ni saa tano na dakika 20 bila hata kunywa maji. Waandaaji wanaopanga dakika 6 huishia kuwapandisha watoto wadogo gizani.

Alama nazo zina siri yake. Katika dresaji kila mwondoko hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na nusu alama zinaruhusiwa. Jumla hugawanywa kwa alama za juu kabisa ili kupata asilimia. Farasi aliyepata 131 kati ya 200 ana asilimia 65.5. Kwa bahati njema, nusu huandikika kwa ukamilifu katika mfumo wa namba wa 0 na 1 unaotumiwa na kompyuta, hivyo kujumlisha nusu alama hakuleti hitilafu. Sehemu ya kumi haiandikiki hivyo: katika lugha nyingi za programu, 0.1 ukiongeza 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Katika kuruka viunzi, ambako nguzo ikianguka huleta adhabu ya alama 4 na walio sawa hutenganishwa kwa muda, masalio hayo madogo yanaweza kumpa mtu ushindi asiostahili. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutunza muda kama namba kamili ya sehemu za mia za sekunde, 3127 badala ya 31.27. Ukipata programu ya bure, ijaribu kwa wapanda wawili wenye muda uleule kabla hujaikabidhi tepe za watoto. Angalia pia kama wawili wakifungana nafasi ya pili, anayefuata anaitwa wa nne, na kama rangi za tepe zinabadilika, maana mshindi Marekani huvishwa buluu na Uingereza nyekundu.

Yote hayo ni haki na wepesi. Lililo zito zaidi huja baada ya matrela kuondoka.

Mwaka 2011, farasi walitawanyika kurudi majimbo mbalimbali baada ya mashindano huko Ogden, Utah. Siku chache baadaye baadhi yao walipata homa, wakayumba, na wengine wakashindwa kusimama. Ilikuwa EHV-1, virusi vya jamii ya herpesi vinavyosambaa kwa makamasi, kwa ndoo za maji za pamoja, hata kwa mikono ya mtunzaji, na ambavyo mara nyingine hushambulia uti wa mgongo. Farasi zaidi ya 10 walikufa au ilibidi wauawe kwa huruma. Februari 2021 balaa kama hilo lilitokea Valencia, Hispania, na baadhi ya farasi walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda nchi nyingine. FEI, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, liliwazuia katika hifadhidata yake farasi waliokuwa katika uwanja huo, wasiingie mashindano mengine. Hata hivyo, farasi 18 walikufa katika mlipuko huo.

Kazi ya daktari wa mifugo katika saa za mwanzo ni kujua nani alikuwepo, alilala banda lipi, jirani yake nani, amekwenda wapi. Shirikisho kubwa lina majibu hayo. Kiwanja cha kaunti nacho kinayo, ikiwa katibu ameyatunza. Kuongeza safu ya namba ya banda, tarehe ya cheti na simu ya mwenye farasi hakugharimu chochote.

Afrika Mashariki jambo hili linatugusa. Nairobi imekuwa na mashindano ya farasi kwa muda mrefu, na bara letu lina ugonjwa wake, ule uitwao maradhi ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi na unaofanya nchi zisizo nao kuwa kali sana juu ya farasi wanaotoka kwetu. Rekodi za chanjo na za safari ni sehemu ya ulinzi. Majedwali yaleyale manne, ukibadilisha neno moja, yanawafaa pia waandaaji wa mbio za ngamia za Maralal, zilizoanza mwaka 1990.

Basi wewe unayeandaa mashindano madogo, anza na lahajedwali la bure kabla ya msimu, waingize washiriki wa mwaka jana, na ulijaribu kwa michuano yote hadi matokeo ya mwisho. Wakabidhi watu wawili nakala, kila mmoja na yake. Na siku ya mashindano, hakikisha unayo orodha iliyochapwa, kwa sababu umeme wa viwanjani hukatika.