San Mamés: Uwanja wa mpira uliotunza lugha ya watu

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA 26, mwaka 1999, klabu ya Chelsea ya London iliingia uwanjani ikiwa na wachezaji kumi na mmoja ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwingereza. Siku hizo magazeti yaliandika sana, watu wakashangaa. Leo hakuna anayeshangaa. Pesa ndiyo inayopanga kikosi, na mchezaji anaweza kuibusu nembo ya timu Agosti, Januari akawa kwingine.

Lakini ipo klabu moja kubwa Ulaya ambayo imekataa njia hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Nayo ni Athletic Club ya mji wa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, kwenye nchi ya Wabaski. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1898, na tangu mwaka 1912 hivi inachezesha wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika majimbo saba ya Wabaski tu, manne yakiwa upande wa Hispania na matatu upande wa Ufaransa. Eneo zima lina watu wapatao milioni tatu. Hata hivyo, Athletic haijawahi kushuka daraja tangu ligi ya Hispania ilipoanza mwaka 1929. Wengine wenye sifa hiyo ni wawili tu, Real Madrid na Barcelona, na hao wanajulikana wanavyonunua.

Mwishoni mwa Februari 2024 nilipata bahati ya kuutembelea mji huo na kuingia kwenye uwanja wao, San Mamés. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini, ambaye tulifahamiana London kwenye mkutano wa waandishi walio uhamishoni. Mpwa wake ni mwanachama wa klabu na ana kiti chake cha kudumu. Usiku ule alikuwa safarini kikazi, kiti kikawa changu. Nasema bahati kwa sababu haikuwa mechi ya kawaida. Ilikuwa nusu fainali ya pili ya Kombe la Mfalme dhidi ya Atlético Madrid, Februari 29, siku inayopatikana mara moja kila miaka minne.

MJI WA CHUMA NA SAMAKI

Bilbao ni mji wa mto. Zamani kingo za mto huo zilijaa viwanda vya chuma na karakana za meli. Madini ya chuma yalisafirishwa kwenda Uingereza, na meli zilizorudi zilileta makaa ya mawe, mafundi na mpira wa miguu. Ndiyo maana jina la klabu, Athletic, ni la Kiingereza mpaka leo. Katika miaka ya 1980 viwanda vilianza kufungwa, vijana wakakosa kazi. Mji ulijijenga upya. Mwaka 1995 wakafungua treni ya chini ya ardhi, na mwaka 1997 likafunguliwa jumba la makumbusho la Guggenheim, lililochorwa na Frank Gehry, jengo linalong'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Uwanja mpya wa San Mamés, wenye nafasi ya watu wapatao 53,000, ulifunguliwa mwaka 2013 pembeni kabisa mwa ule wa zamani wa mwaka 1913.

Siku ya mechi sherehe huanzia barabarani. Mtaa wa Licenciado Poza, ambao wenyewe huuita Pozas tu, unanyooka hadi uwanjani, na kila mlango wa pili ni mgahawa. Kuanzia alasiri mtaa ulikuwa mwekundu na mweupe: wazee wenye kofia bapa nyeusi, akina mama wenye skafu, watoto wachanga ndani ya vigari wakiwa na jezi. Juu ya kaunta zimepangwa sahani za pintxos, yaani vitafunwa vya kipande cha mkate na kitu juu yake, vikishikwa na kijiti. Kimoja kinaitwa gilda: zeituni, pilipili ya kijani na samaki wa chumvi mfano wa dagaa, vyote kwenye kijiti kimoja. Mtu wa pwani akikionja atasema hiki ni cha kwetu.

Mama mwalimu alininunulia pia bacalao. Huyu ni samaki wa bahari ya baridi anayehifadhiwa kwa chumvi, mfano wa ng'onda wetu. Wanamloweka mpaka chumvi itoke, kisha wanampika taratibu kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili. Sufuria haikorogwi, inatikiswa, mpaka utomvu wa ngozi ya samaki ugeuze mafuta kuwa mchuzi mzito. Bibi zetu wangeelewana nao bila mkalimani.

MAMA NA MTOTO

Wapinzani wa usiku ule nao wana hadithi. Atlético Madrid ilianzishwa mwaka 1903 na wanafunzi wa Kibaski waliokuwa wakisoma Madrid, kama tawi la Athletic. Ndiyo maana timu zote mbili zinavaa mistari myekundu na myeupe. Basi ilikuwa mechi ya mama na mtoto, na mtoto amekuwa tajiri kuliko mama.

Mechi ya kwanza kule Madrid, Athletic walishinda 1-0. Kwa hiyo uwanja ulikuwa na furaha yenye hofu, kama nyumba inayosubiri matokeo ya mtihani. Kisha sauti moja ikaita kwa kuvuta, "Athleeetic!" na maelfu wakajibu kwa mkupuo, "Eup!" Nikakumbuka Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wale wa "Simba!" wanaojibiwa "Nguvu moja!" Nyuma yangu mwanamke akapiga irrintzi, ukelele wa kale wa wachungaji wa milimani, unaopanda na kutetemeka. Nisingekuwa namwona ningesema ni kigelegele cha harusini.

Dakika ya 13, Nico Williams alishuka pembeni na kumpigia kaka yake Iñaki, naye akafunga. Dakika ya 42, Iñaki akampa mdogo wake, naye akafunga. Dakika ya 61, Gorka Guruzeta akamaliza kazi. Matokeo 3-0, jumla 4-0. Mzee wa kiti cha kushoto, ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, alinikumbatia mara tatu.

WATOTO WA WALIOVUKA JANGWA

Msomaji wa nyumbani anaweza kuuliza: timu ya Wabaski watupu, na hao ndugu wawili weusi wametoka wapi?

Wazazi wao ni Waghana. Walivuka jangwa la Sahara, sehemu kubwa kwa miguu, baba akiungua nyayo kwenye mchanga kiasi kwamba hajapona kabisa. Wakaruka uzio wa Melilla, ule mji wa Hispania ulio ndani ya Afrika, wakakamatwa. Mama alikuwa mjamzito. Wakili aliwashauri waseme wametoka Liberia, kulikokuwa na vita, waombe ukimbizi. Walipofika Bilbao walipokewa na padri mmoja aliyeitwa Iñaki, na mtoto alipozaliwa mwaka 1994 akapewa jina hilo. Nico alizaliwa mwaka 2002 Pamplona, mji ambao nao Wabaski wanauhesabu kuwa wao. Iñaki mwenyewe ameyaeleza haya hadharani, na amesema wazazi walimficha mengi hadi alipokuwa mtu mzima.

Huyu Iñaki alicheza mechi 251 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia mwaka 2016 hadi 2023. Januari 2024 alikuwa Ivory Coast na timu ya Ghana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ghana ilipoharibikiwa kwa sare ya 2-2 na Msumbiji Januari 22, alipanda ndege, na Januari 24 alikuwa San Mamés akiifunga Barcelona kwenye robo fainali. Mdogo wake alichagua Hispania, na Julai mwaka huo aliifungia bao kwenye fainali ya Ulaya mjini Berlin dhidi ya Uingereza. Tumbo moja, bendera mbili, klabu moja.

Siyo kwamba mambo yote ni asali. Januari 2020, ugenini, Iñaki alipigiwa kelele za nyani na baadhi ya mashabiki. Na wapo wanaoilaumu Athletic kwamba sera yake inabagua. Nilimuuliza mama mwalimu swali hilo bila kuzungusha. Alinijibu kwa neno moja la lugha yake: euskaldun.

MWENYE LUGHA

Neno hilo ndilo Wabaski wanalojiitia, na maana yake si mtu wa damu fulani wala wa ukoo fulani. Maana yake ni "mwenye Kibaski", aliye na lugha. Kwa hiyo, alisema mama yule, mtoto wa Mghana anayeisema ni mwenyewe, na mjukuu wa Mbaski asiyeijua bado ana safari. Akakiri kwamba si kila Mbaski anafikiri hivyo, na kwamba klabu yenyewe haimpimi mtu lugha. Lakini neno lipo, na ni la kale.

Kibaski ni lugha isiyo na ndugu anayejulikana duniani. Hata hivyo, ukiikaribia unakuta vitu vinavyofahamika. "Ni" ni mimi. Nyumba ni "etxe", na ukitaka kusema nyumbani unaongeza mwishoni, "etxean", kama sisi tunavyoongeza "-ni". Lahaja zao zilikuwa nyingi, na mwaka 1968 wanazuoni wao walikubaliana juu ya Kibaski sanifu, kama kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilivyoanza kazi ya Kiswahili sanifu mwaka 1930.

Lugha hii ilipigwa vita. Chini ya Jenerali Franco, aliyetawala kuanzia mwaka 1939 hadi alipokufa mwaka 1975, Kibaski kilifukuzwa shuleni na maofisini. Hata klabu ililazimishwa mwaka 1941 kubadili jina liwe la Kihispania. Mama mzazi wa mwenyeji wangu, alipokuwa mtoto, aliivaa ile pete ya shuleni iliyopewa kila aliyenaswa akisema lugha ya kwao. Mwenye nayo mwisho wa siku alichapwa. Nilimsimulia habari za watoto wa Kenya waliovishwa kibao shingoni kwa kosa hilohilo. Alitikisa kichwa, hakusema kitu.

Katika miaka hiyo uwanja wa mpira ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo watu wengi wangeweza kukutana na kujitambua. Desemba 5, 1976, Athletic walipocheza na watani wao wa jadi, Real Sociedad ya San Sebastián, manahodha wawili, Iribar na Kortabarria, waliingia wakiwa wameshika kwa pamoja bendera ya Wabaski iliyokuwa bado haramu. Mwezi uliofuata ikaruhusiwa. Hebu fikiria nahodha wa Simba na wa Yanga wakishika kitu kimoja kwa mikono miwili!

ANASIKIA, HAJIBU

Kesho yake nilikwenda mtaa wa San Francisco, ng'ambo ya mto, wanakoishi wahamiaji wengi. Kwenye duka moja la unga wa muhogo na samaki wakavu nilisikia Kiswahili cha Bukavu. "Karibu, mukubwa," akasema mwenye duka nilipomsalimia. Tukazungumza saa nzima, yeye akinipa habari za Kivu, mimi za Uingereza. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa hapo na jezi ya Athletic. Anasoma kwa Kibaski, anacheza kwa Kihispania. "Ye anasema ni Mubaski," baba akacheka. Nikamwuliza mtoto kwa Kiswahili jana aliangalia mpira na nani. Alinielewa vizuri kabisa. Akamjibu baba yake kwa Kihispania.

Ndugu msomaji, wangapi tulio Leicester, Minneapolis au Muscat tuna mtoto wa namna hiyo nyumbani? Anasikia, hajibu. Sisi tuliofukuzwa na kalamu zetu tunajisifu kwamba hatukunyamazishwa, tunaandika kila siku, na nyuma ya mlango wa chumba cha pili Kiswahili kinazimika bila dikteta yeyote kukikataza.

Wabaski hawakukaa kulalamika. Wazazi walianzisha shule zao, nyingine kwa siri, wakati wa Franco. Tangu mwaka 1980 wana mbio ziitwazo Korrika, zinazokimbiwa usiku na mchana kuizunguka nchi nzima, kijiti kikipita mkono kwa mkono, na fedha zinazochangwa zinalipia madarasa ya watu wazima. Na wana mpira.

Sisi nao tuna mpira. Kila kiangazi jumuiya zetu hupanga bonanza, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, nyama choma pembeni na muziki juu. Watoto nao wanacheza, lakini kocha anawafokea kwa Kiingereza. Kwa nini asiwaambie "toa pasi", "rudi nyuma", "funga"? Mama mwalimu, aliyefundisha miaka thelathini na tano, aliniambia hajamwona mtoto aliyejifunza lugha kwa kuhubiriwa. Amewaona waliojifunza kwa sababu bila hiyo wasingepewa mpira.

Aprili 6, 2024, mjini Seville, Athletic waliifunga Mallorca kwa mikwaju ya penalti 4-2 baada ya sare ya 1-1, wakalitwaa Kombe la Mfalme kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1984. Siku tano baadaye wachezaji walipita mtoni juu ya ile tishari yao ya zamani, watu wapatao milioni moja wakiwa kingoni. Nilitazama kwenye intaneti nikiwa na wanangu. Mdogo aliuliza kwa Kiingereza hao ni akina nani. Nikamwambia aulize tena kwa Kiswahili, ndipo nitamsimulia. Alinuna kidogo, kisha akauliza.