Maumivu ya neva za kiuno: nani kaponywa na dawa, nani kapona mwenyewe?

Anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa hadi mtaa wa Katuba anayajua maumivu ya kiuno. Yapo mengine yanayotoka kiunoni, yakapita kwenye tako na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni, yakichoma kama umeme au kuacha ganzi. Hayo ni ya neva: mara nyingi diski kati ya pingili za mgongo imechomoza na kubana mzizi wa neva, ukavimba.

Parasetamoli haisaidii sana hapo, kwa hiyo madaktari wengi duniani wameandika pregabalini, dawa ya kifafa inayopunguza ishara za neva. Ilikwisha kuwafaa wenye neva zilizoharibiwa na kisukari, na mwaka 2012 Marekani iliiidhinisha kwa waliojeruhiwa uti wa mgongo. Ikadhaniwa itawafaa na wenye maumivu haya yanayoshuka mguuni.

Watafiti wa Sydney, Australia, waliijaribu. Wagonjwa 209 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa pregabalini, jingine kapsuli zinazofanana nazo lakini tupu. Mgonjwa hakujua anameza nini, daktari naye hakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, wote walianza na wastani wa zaidi ya 6. Baada ya wiki 8, waliomeza dawa walibaki na 3.7, wenzao 3.1. Dawa haikuwa na faida, na kizunguzungu kiliwasumbua zaidi walioimeza.

Makundi yote mawili yalipata nafuu, huenda kwa sababu diski iliyochomoza mara nyingi hunywea yenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Anayemeza kapsuli kipindi hicho ataisifu kapsuli. Desemba 2024 kampuni ya Vertex ya Marekani ilikutana na hayohayo: dawa yake mpya, suzetrigine, ilishusha maumivu haya kwa takriban pointi 2, na dawa tupu nayo takriban 2.

Kabla ya kutoa pesa farmasi, muulize daktari kama dawa hiyo ilijaribiwa kwa maumivu ya aina yako. Uingereza tangu 2020 inashauri pregabalini na gabapentini, dawa ya kundi hilohilo, zisitumike kwa maumivu haya ya neva za kiuno. Aliyekwisha kuanza asiache ghafla. Apunguze polepole akisimamiwa na daktari, wala asiichanganye na pombe au tramadoli, dawa kali ya maumivu, maana pumzi inaweza kudhoofika.

Maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, kukonda na jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu cha pingili, kapimwe mapema. Ukishindwa kukojoa, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo.