TAA ZA ZIADA KWENYE GARI: USIFUNGE KAMA KAMBA YA NG'OMBE

Leo sitawaletea shairi wala kisa cha sungura. Nataka tuzungumze juu ya spotlaiti, zile taa za ziada ambazo watu hufunga kwenye bampa ya gari ili waone mbali. Huku kwetu Kimulot si mapambo. Mvua yetu mnaijua, ukungu mnaujua, na barabara za kuelekea vituo vya majani chai mnazijua. Lori la chai huweza kufika kituoni saa mbili au saa tatu usiku, na dereva asiyeona mtaro atalala humo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo lililonipata mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa amenunua spotlaiti mbili kubwa za wati 100 kila moja. Fundi mmoja akamfungia kwa dakika ishirini tu. Mjomba akafurahi sana, maanake usiku uligeuka mchana. Wiki ya tatu nyanya yangu akashikwa na kifua usiku, ikabidi apelekwe hospitali Litein. Nilikuwa nimekaa nyuma na binamu yangu. Kabla hatujafika lami tulisikia harufu ya mpira ukiungua, moshi ukatoka chini ya dashibodi, na taa zote zikazimika. Zote! Hata zile za kawaida. Giza totoro, mvua, na upande wa kushoto ni mteremko wa mashamba ya chai.

Mjomba alifungua boneti akang'oa waya wa betri. Moshi ukakoma. Baadaye alikata waya ulioungua, akairudisha betri, injini ikawaka, lakini taa hatukuwa nazo. Mimi nikatangulia mbele kwa miguu na tochi, gari likinifuata polepole mpaka lami, ambako mwenye pickup nyingine alitusaidia. Nyanya alifika akatibiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini nilijiuliza: kosa lilikuwa wapi?

Hebu tufanye hesabu, hesabu ya fizikia ya kidato cha tatu tu. Wati ni volti mara ampea. Taa mbili za kawaida za gari lile, wati 60 kila moja, ni wati 120. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 10. Waya na swichi ya kiwandani vimetengenezewa mzigo wa namna hiyo. Yule fundi aliunganisha spotlaiti kwenye waya huohuo. Sasa ni wati 320, yaani karibu ampea 27. Kumbuka kuwa joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara 2.7, joto huzidi mara saba! Si ajabu waya uliyeyuka.

Mtauliza, fyuzi ilikuwa wapi? Fyuzi ilikuwa imekatika siku ya kwanza, fundi akaizungushia uzi wa shaba. Fyuzi ni askari wa lango. Ikikatika inakuambia, "Bwana, kuna hatari hapa." Ukiifunga kwa shaba umemziba askari mdomo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mjomba alijenga ukuta kweli, kwa kununua waya mpya wa taa zote.

Safari hii alitafuta fundi mwingine, mzee mpole, naye akaniruhusu nishike koleo. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza tulitoa waya wa hasi wa betri, ndipo tukagusa vingine. Ukianza na chanya na spana iguse bodi, cheche zitaruka.

Pili, tuliweka balbu za wati 55. Mbili ni wati 110, karibu ampea 9.2. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 15 inatosha. Fyuzi hiyo tuliiweka karibu kabisa na betri, maanake waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi.

Tatu, tulifunga relei. Hapa ndipo siri ilipo. Relei ni kijisanduku chenye sumaku-umeme ndani, ile tuliyosoma kidato cha pili. Mkondo mdogo, usiofika hata robo ya ampea, unaifanya sumaku ivute kibati, na kibati hicho kinafungulia mkondo mkubwa njia. Swichi ya dashibodi inabeba mzigo wa sisimizi, relei inabeba mzigo wa punda. Ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi. Wa 87 unapeleka umeme kwenye taa. Wa 85 unaenda kwenye bodi ya gari. Wa 86 unatoka kwenye swichi.

Nne, na hili nililipenda sana, swichi yenyewe haikuchukua umeme moja kwa moja kutoka betri. Iliuchukua kwenye waya wa fulu. Kwa hivyo dereva akidimu, spotlaiti nazo zinazimika papo hapo. Huhitaji kukumbuka. Lakini pima kwanza kwa taa ya kupimia, kwa sababu gari zingine, hasa Toyota za zamani, huwasha taa kwa upande wa hasi na hapo mpango wa waya hubadilika. Lori nyingi nazo ni za volti 24, kwa hivyo balbu na relei ziwe za volti hizo.

Tano, waya wa taa uwe mnene, milimita mraba 2.5. Waya mwembamba hula volti njiani. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mahali pa kufungia waya wa hasi tulikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukapaka grisi kuzuia kutu. Waya unaopita kwenye tundu la bati tuliuvisha mpira usikatwe.

Siku hizi kuna taa za LED ambazo hutumia umeme kidogo zaidi. Hata hizo zisifungwe bila fyuzi.

Spotlaiti zina historia hapa Kenya. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na Joginder Singh aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Madereva wale walipita matopeni usiku na mchana, na taa zao zilisaidia pia waonekane kutoka mbali. Lakini sisi hatuko mashindanoni. Ukungu ukishuka, spotlaiti hukurudishia mwanga machoni kama ukuta mweupe. Zima, dimu, nenda polepole. Na ukikutana na mwenzako, usimpofushe, kwani naye ana nyanya nyumbani.

Basi wenzangu, mkimwona fundi akizungushia fyuzi uzi wa shaba, msinyamaze eti kwa kuwa ninyi ni watoto. Mwambieni kwa heshima. Mimi usiku ule nilikuwa na tochi. Je, asiye na tochi?