ARDHI GANI YAFAA KIWANJA CHA GOFU?
Maelezo kwa wenye mashamba, na Katibu wa Chama



Siku hizi khabari za viwanja vya gofu zimefika hata mabarazani kwetu. Wageni wa mahoteli waupenda mchezo huo, na wenye mitaji watafuta ardhi ya kuuchezea. Baadhi ya wanachama wameuliza: je, watu hawa wataka ardhi ya namna gani? Na je, shamba la mikarafuu lawafaa? Suali hili ni zuri, na jawabu lake si gumu kwa mtu azoeaye kushika jembe. Nimeona vyema nilieleze hapa kwa utaratibu, ili atakayefikiwa na mnunuzi au mpimaji ajue la kusema.

MCHEZO WENYEWE

Gofu ni mchezo wa kupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika tundu lililo mbali, na anayefika kwa mapigo machache ndiye mshindi. Kiwanja kamili kina matundu 18, na kidogo kina 9. Njia zote 18 zikiunganishwa hufika yadi 6,000 na mara nyingi zaidi, yaani kama maili tatu na nusu au nne. Ukiongeza nafasi ya kutenga njia moja na nyengine, ili mpira usimpige mtu kichwani, kiwanja kamili chataka kiasi cha eka 120 mpaka 200. Nawaomba mkumbuke kipimo hicho. Wale waliopewa eka tatu tatu baada ya 1964 wafanye hesabu wenyewe: eka 150 ni mashamba ya watu 50.

SIFA ZA ARDHI YENYEWE

Kwanza ni mchanga. Hii ndiyo sifa iliyo juu ya sifa zote. Mchezo huu ulikulia Scotland, katika ukanda wa pwani ulio baina ya bahari na mashamba, ambao watu wa huko huuita linksi. Ni ardhi ya vilima vya mchanga, iliyoota majani mafupi membamba, haifai kulimwa nafaka, na upepo wa bahari hauiachi. Mvua ikinyesha maji huzama mara moja, na baada ya saa chache watu hucheza bila ya kuchafua viatu. Udongo mzito wa kinamo ni kinyume chake: wakati wa masika hushika maji kama sahani, na wakati wa kiangazi hupasuka. Juu ya udongo kama huo mwenye kiwanja hana budi kuchimba mitaro na kutandika mabomba chini ya ardhi.

Wamarekani, kwa kuwa wengi wao hawana mchanga wa pwani, waliweka kanuni mwaka 1960 ya kutengeneza ule uwanja mdogo wenye tundu: kokoto inchi 4 chini, na juu yake mchanganyiko wa mchanga inchi 12. Yaani asiyejaaliwa mchanga huununua akauleta kwa magari. Hapa kwetu Unguja, ambapo mchanga wa kujengea nyumba tu umekuwa haba na mashimo ya machimbo tunayaona kwa macho, jambo hili si dogo.

Pili ni umbo la nchi. Ardhi tambarare kama sakafu humchosha mchezaji, na yenye mabonde makali humvunja miguu na kuushinda mpira. Iliyo bora ni ile yenye kupanda na kushuka taratibu kama mawimbi ya matlai. Mfano mkubwa ni Sand Hills, katika jimbo la Nebraska huko Marekani, nchi ya vilima vya mchanga iliyo mbali kabisa na bahari. Mabwana Bill Coore na Ben Crenshaw walipoitembea ardhi hiyo kwa miguu waliona mahali zaidi ya 130 panapofaa kuwa tundu, ilhali walihitaji 18 tu. Kazi yao kubwa ikawa ni kuchagua, si kuchimba. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1995, na hata leo huhesabiwa miongoni mwa vilivyo bora duniani. Fundi mwema wa gofu, kama mkulima mwema, hutazama kwanza ardhi yenyewe yataka nini.

Tatu ni majani. Katika nchi za joto majani yatumikayo sana ni ukoka, huu huu tunaoupalilia sisi kwa hasira chini ya mikarafuu. Huwekwa aina zake zilizochaguliwa, zenye kutambaa na kustahimili kukatwa chini sana. Yako na majani mengine ya pwani, jamii ya paspalamu, ambayo hustahimili hata maji yenye chumvi kidogo, na kwa hiyo hupendwa kando ya bahari. Yote mawili yataka jua la kutosha, na chini ya kivuli kizito hayastawi. Ndiyo maana mwenye kiwanja akiwekwa penye miti mingi, jambo la kwanza huomba shoka.

Nne ni maji. Hapa nawaomba tufanye hesabu pamoja. Inchi moja ya maji juu ya eka moja ni kiasi cha lita 100,000. Tuseme katika kiwanja cha eka 150, zinazonyweshwa ni eka 80 tu, na katika kiangazi hupewa inchi moja kila wiki. Hizo ni lita 8,000,000 kwa wiki, au ndoo 400,000 za lita 20. Ardhi ya mchanga ni njema kwa mchezo, lakini ina kiu, kwani kile kile kinachoyazamisha maji ya mvua ndicho kinachoyapoteza maji ya bomba. Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Maji yetu ni mvua iliyozama ardhini, ikakaa juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kupita kiasi chumvi hupanda kisimani, na kisima kikishakuwa cha chumvi hakirudi upesi. Basi ardhi iwe nzuri namna gani, ikiwa haina maji yake mbali na ya wanavijiji, haifai.

Tano ni upepo na jua. Upepo si adui wa mchezo huu, bali ni sehemu yake, na wachezaji husafiri mbali kwenda kuutafuta. Jua lakini huleta taabu: njia ikielekea magharibi wakati wa alasiri, mchezaji hauoni mpira wake. Kwa hiyo ardhi yenye upana wa kutosha kuelekeza njia nyingi kaskazini na kusini hupendelewa.

Sita ni watu. Kiwanja kilicho mbali na barabara, gati na mahali pa kulala wageni hukosa wachezaji, na majani yake hukatwa bure.

MIFANO YA KARIBU

Wazee wetu wa mjini wakumbuka kuwa zama za ukoloni gofu ilichezwa Mnazi Mmoja, kando ya ile hori iliyoutenga mji na Ng'ambo. Ilikuwa ardhi wazi ya mchanga, na hapakukatwa mkarafuu kuipata. Kenya, katika pwani ya Kilifi, kiwanja cha Vipingo kilitolewa katika ardhi ya katani, zao linalovumilia ukame.

Iko mifano ya kinyume pia. Augusta, katika jimbo la Georgia huko Marekani, palikuwa na kitalu mashuhuri cha miti ya matunda na maua cha jamaa wa Berckmans. Biashara hiyo ilikuwa imekwisha kufa wakati Bobby Jones na wenzake waliponunua ardhi mwaka 1931, eka 365, na kumwita Daktari Alister MacKenzie achore kiwanja. Mpaka leo kila tundu la Augusta lina jina la mti au ua. Lakini angalieni: kitalu kilikufa kwanza, ndipo gofu ikaja.

MKARAFUU NA GOFU

Sasa tulinganishe. Mkarafuu wataka udongo wenye kina, usiotuamisha maji lakini unaohifadhi unyevu, kama kinongo chetu chekundu. Gofu yataka mchanga mwepesi, uliokonda. Mkarafuu wapenda kukingwa na upepo, na kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilitufundisha hilo. Gofu yapenda upepo. Mkarafuu huishi pamoja na migomba, mihogo na minazi kandoni mwake. Gofu haipendi jirani. Mkarafuu hungojewa miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa, kisha hulisha baba, mwana na mjukuu. Kiwanja hujengwa kwa miaka michache, na siku wageni wasipokuja ukoka wake huwa mwitu.

Kwa hiyo jawabu la suali letu ni hili. Ardhi iliyo bora kwa gofu ni ile iliyo dhaifu kwa kilimo. Hizi mbili hazina haja ya kugombana, na mtu akija kutaka kinongo cha mikarafuu kwa ajili ya gofu, basi ama hajui kazi yake, au anachokitaka si gofu bali ni ardhi yenyewe.

KISA CHA SUNGURA

Jambo la mwisho si la udongo, bali ni la haki, na kisa chake kimetoka pale pale penye asili ya mchezo, katika mji wa St Andrews huko Scotland. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliandika hati ya kukiri kuwa watu wa mji wana haki ya kucheza juu ya linksi yao, naye akaruhusiwa kufuga sungura hapo. Watu walicheza, walilisha wanyama, na wanawake walifua nguo katika kijito kipitacho hapo na kuzianika vichakani.

Ilipofika mwaka 1797 mji ulikuwa umeelemewa na madeni, na wakuu wake wakaiuza ardhi ile. Haukupita muda ikaangukia mikononi mwa wafanya biashara ya sungura. Sungura wakazaana, wakachimba mashimo kila mahali, na wenyeji wakashika bunduki na kwenda mahakamani. Ugomvi uliendelea kiasi cha miaka 20, mpaka Bwana James Cheape, mwenye ardhi jirani, alipoinunua linksi mwaka 1821 na kuiokoa. Mwaka 1894 mji uliirejesha ardhi yake kwa sheria ya Bunge, na tangu 1974 inasimamiwa na amana iliyowekwa kwa sheria nyengine. Leo hiyo ni ardhi ya gofu yenye sifa kubwa kuliko zote duniani, na ni ya umma. Siku ya Jumapili kiwanja chake cha kale aghalabu hakichezwi, na mtu yeyote huweza kupita akitembea na watoto wake.

Hati ile ya 1552 ndiyo iliyowapa watu wa St Andrews mahali pa kusimama walipokwenda kushitaki. Hapa kwetu ardhi ni mali ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 yaeleza namna haki ya kuitumia inavyotolewa. Wengi wetu lakini bado twategemea maneno ya mdomo na ushahidi wa wazee, na wazee huondoka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

LA KUFANYA

Mwanachama atakayefikiwa na mtu wa gofu, tunamnasihi hivi:

1. Asitie saini siku ile ile, wala asipokee kishika uchumba.

2. Achimbe shimo la futi mbili, amimine ndoo ya maji, atazame. Yakizama upesi na mchanga ukabaki mkavu, huenda mgeni anasema kweli. Yakikawia, na udongo ukawa mwekundu wenye kunata, amwulize kwa nini ameichagua ardhi hiyo.

3. Aulize maji ya kiangazi yatatoka wapi, na jawabu liandikwe.

4. Aulize mbolea na dawa za wadudu zitateremkia kisima gani na ufuo gani.

5. Aihesabu miti yake mmoja mmoja, yenye kuzaa na michanga, mbele ya mashahidi wawili na sheha, na daftari lake aliweke mahali pasipovuja.

6. Ikiwa njia ya kwendea pwani, kisimani au makaburini yapita katika ardhi hiyo, itajwe katika maandishi kuwa itabaki wazi.

Hatusemi kuwa gofu ni jambo baya. Ukanda wetu wa mchanga, usioota ila vichaka, ukipata mwenye kuutumia kwa haki na akaajiri vijana wetu, hiyo ni kheri. Twasema tu kila ardhi ipewe kazi yake.

Mwenye hati, kipande au barua ya zamani ya shamba lake asiyoweza kuisoma, ailete ofisini siku za kazi asubuhi. Itasomwa mbele yake, na nakala itaandikwa bila ya malipo.

Katibu wa Chama