Kununua Gari ya Fahari Iliyokwisha Tumika

Waandalizi wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya jambo ambalo, wasema wao, linazungumzwa katika baraza za jamaa zetu hapa Muscat kuliko hata bei ya samaki: vijana wetu na gari za fahari za mkono wa pili. Mimi si fundi. Nimesomesha hesabu kwa miaka thelathini na zaidi. Lakini kila Sikukuu ikikaribia watoto wa ndugu zangu hunijia niwasindikize kwa wauza magari, kwa kuwa wanajua nina subira ya kusoma karatasi mpaka mstari wa mwisho. Niliyoyaona huko ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza nataka kusema kwamba simlaumu mtu kwa kupenda gari njema. Wazee wetu waliorejea Oman baada ya 1970, wengi wao waliingia na sanduku moja la nguo, na kabla ya mwaka huo nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi tu za barabara ya lami. Leo mtu hutoka Muscat mpaka Salalah, mwendo wa kilomita 1,000 hivi, na lami haikatiki. Kijana aliyesoma, akafanya kazi, akataka mama yake akae kwenye kiti cha ngozi na ubaridi akienda Nizwa au Sur kuwaona jamaa, hakufanya kosa lolote.

Kosa liko katika hesabu. Gari ya fahari huanguka bei upesi. Tuseme gari iliuzwa riale 40,000 ilipokuwa mpya. Baada ya miaka saba au minane huenda ikaombwa riale 9,000, yaani bei ya gari ndogo mpya. Kijana huona amepata bahati. Asichokiona ni kwamba bei ya gari ndiyo iliyoshuka. Bei ya vipuri vyake haikushuka hata baisa moja. Gari hununuliwa kwa bei ya ukuukuu na hutengenezwa kwa bei ya upya. Anayelijua hili kabla ya kutoa fedha, ataangalia kwa jicho jingine.

MUUZAJI NI NANI?

Wauzaji hapa kwetu ni wa namna tatu. Yuko wakala mwenyewe, aliyeileta gari ilipokuwa mpya, naye huwa na idara ya gari zilizotumika. Gari zake huwa ghali kidogo, lakini mara nyingi zimekaguliwa na mafundi wake na huuzwa na dhamana ya muda fulani. Yuko mwenye duka la magari, kama yale yaliyojipanga Mabela na kwingineko. Na yuko dalali, ambaye hana duka wala gari. Ana simu tu.

Kwa huyu wa pili kuna suali moja ambalo vijana hawaliulizi: "Gari hii ni yako, au umewekewa uiuze?" Gari nyingi zilizomo katika maduka haya si mali ya mwenye duka, ameziweka kwa niaba ya watu, apate ujira wake. Si jambo baya. Lakini ikiwa jina lililomo katika mulkiya si lake, basi yeye si mwenye kujibu gari ikiharibika, na maneno yake mazuri hayana uzito mpaka yaandikwe. Kuuliza si ujinga. Uliza, kisha tazama jina.

NAMBARI YA CHESISI

Kila gari ina nambari ya tarakimu na herufi 17. Huonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, hubandikwa penye nguzo ya mlango, na hupigwa muhuri katika bodi. Zote ziwe sawa, na ziwe sawa na mulkiya. Alama ya kwanza huonyesha nchi gari ilikoundwa: J ni Japani, W ni Ujerumani, S ni Uingereza, na 1, 4 au 5 ni Marekani.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Gari kuundwa Marekani si dalili ya ubovu. BMW ina kiwanda South Carolina na Mercedes ina kiwanda Alabama, na gari zao kubwa zinazoundwa huko huletwa Khaliji zikiwa mpya kabisa. Suala ni gari iliundiwa soko gani. Gari ya "khaliji" hutayarishwa kwa joto letu na vumbi letu. Na joto letu si mchezo: tarehe 26 Juni 2018 pale Quriyat, usiku na mchana, kipimo hakikushuka chini ya digrii 42.6. Gari iliyoundwa kwa ajili ya nchi za baridi huweza kuteseka hapa.

Kibaya zaidi ni kwamba baadhi ya gari zilizotumika Marekani zilikwisha kugongwa au kuzama, kampuni ya bima ikamlipa mwenyewe, na gari ikauzwa mnadani kama chakavu. Hupakiwa melini, hutengenezwa katika karakana za Khaliji, na huonekana mpya. Ukitaka kuitambua gari ya soko la Marekani, tazama ubavu wake: kule sheria inataka taa au kioo cha rangi ya machungwa ubavuni mbele, na chekundu ubavuni nyuma. Tazama pia kipimo cha mwendo kama kinaanza kwa maili. Kisha ichukue ile nambari ya chesisi. Khabari za ajali na minada ya Marekani huweza kutafutwa kwa nambari hiyo kwa ada ndogo, na wakala wa hapa huweza kukwambia gari ilitengenezwa kwake mara ngapi na mwendo wake ulikuwa kilomita ngapi kila mara. Ikiwa 2021 ilikuwa imekwenda kilomita 140,000 na leo inaonyesha 90,000, huna haja ya kubishana na mtu. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari bila daftari ni hivyo hivyo.

GARI ILIYOZAMA

Sisi wakaazi wa Muscat hatukusahau Gonu, mwezi wa Juni 2007, mabonde yalipogeuka mito na gari zikaelea kama ngarawa. Oktoba 2021 ikaja Shaheen, ikaikumba Batinah. Na Aprili 2024 mvua kubwa zikapiga Oman, kisha Dubai. Baada ya gharika kama hizo baadhi ya gari zilizozama huoshwa, hukaushwa, hufukizwa udi, na hurejea sokoni.

Gari ya fahari ndiyo inayodhurika zaidi, kwa sababu imejaa kompyuta ndogo ndogo, nyingine zimefichwa chini ya viti na chini ya zulia. Maji yakiingia katika viungo vya nyaya haifi siku ile. Kutu huanza polepole, na miezi baadaye ndipo mambo hufumuka.

Jamaa yetu mmoja alinunua gari kubwa nyeupe, nzuri ya kupigiwa mfano, kwa mkopo wa miaka mitano. Mwezi wa tatu, wakirudi Nizwa usiku na watoto wamelala nyuma, taa zote zilizimika kwa pamoja na injini ikafuatia. Mungu aliwastiri, lori lililokuwa nyuma liliwakwepa. Fundi alipofunua zulia alikuta tope kavu. Muuzaji alipoendewa alionyesha karatasi yenye neno "imeuzwa ilivyo". Gari ililala chini ya mkunazi nyumbani kwao, na benki ikaendelea kukata mshahara kila mwezi kama kawaida.

Sisi tuliosoma chuoni tunaijua khabari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta juu kavu na chini imerowa. Mwenye mali alipotaja mvua, akaulizwa mbona hakuiweka iliyorowa juu watu wakaiona. Siku zote tuliisoma kuwa ni onyo kwa muuzaji, na ndivyo ilivyo. Lakini na mnunuzi ana lake la kujifunza: mkono uliingia mpaka chini. Haukutosheka na juu.

Basi na wewe tia mkono. Inua zulia la miguuni. Fungua buti, toa gurudumu la akiba, tazama shimo lake kama lina mchanga au kutu. Vuta ukanda wa kiti mpaka mwisho wake, uone kama una mstari wa maji. Tazama reli za viti na ukungu ndani ya taa. Na ukikuta zulia jipya katika gari ya miaka minane, uliza la zamani lilipatwa na nini. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MFANO WA KUFUATWA

Mwaka jana binti wa dada yangu, ambaye ni daktari, alinijia. "Mjomba, nimedunduliza miaka sita. Twende ukaniangalilie." Tukaenda maduka matatu.

Duka la kwanza muuzaji alisema tuamue kabla ya adhuhuri kwani yuko mteja mwingine njiani. Tulipoomba tuipeleke gari kwa wakala ikakaguliwe kwa gharama yetu, akasema si desturi yao. Tukamuaga kwa wema. Duka la pili gari ilikuwa inang'ara, lakini mpwa wangu mwenyewe, bila ya mimi kusema, akainama na kuonyesha kile kioo cha machungwa ubavuni. Nilifurahi kama mwalimu afurahivyo.

Duka la tatu muuzaji alitoa daftari kabla hatujaliomba. Gari ilikuwa ya mtu mmoja, imetengenezwa kwa wakala miaka yote. Tairi zake zilionyesha tarakimu 1418, maana yake ziliundwa wiki ya 14 ya mwaka 2018, zimekwisha umri katika joto hili. Fundi wa wakala aliinyanyua, akasoma kompyuta zake, akatwambia mifuko ya springi za hewa imeanza kupasuka. Hili ni ugonjwa wa gari hizi: mpira hukauka kwa joto, hewa huvuja, pampu hufanya kazi bila kupumzika mpaka inakufa nayo. Tukarudi dukani na karatasi ya fundi. Muuzaji hakukasirika, akapunguza bei kwa kadiri ya tairi na springi, na akaandika dhamana ya miezi sita kwa injini na gea. Ada ya ukaguzi haikufika riale 50, na hapo ilikuwa imekwisha kujilipa mara nyingi.

KARATASI NA FEDHA

Kabla ya kulipa, hakikisha mulkiya haionyeshi kuwa gari imewekwa rehani benki. Ikiwa imewekwa, benki itoe kwanza barua ya ridhaa. Faini za barabarani zimalizwe na muuzaji. Bima iwe tayari kwa jina lako. Fedha zipite benki au kwa hundi, zisipite mkononi, na zikamilike pamoja na kuhamishwa umilikaji kwa Polisi, si kabla. Mkataba ukiwa wa Kiarabu na hukielewi vizuri, mpe mtu akusomee; hapana aibu. Ahadi yoyote iliyotoka mdomoni iingie katika karatasi.

Ukidanganywa, usilie nyumbani. Tangu 2011 nchi ina mamlaka ya kuwalinda walaji, na sheria yao ilitolewa kwa amri ya Sultani nambari 66 ya 2014. Lakini mamlaka huuliza ushahidi, na ushahidi ni zile karatasi ulizozikusanya ukiwa bado na fedha zako mfukoni. Na dini nayo imempa mnunuzi khiyari akikuta aibu iliyofichwa. Muuzaji anayeijua aibu akainyamazia hana udhuru mbele ya Mola wake, hata akiandika karatasi mia.

Mwisho nina kanuni yangu, nayo ni ya hesabu za skuli ya msingi. Ukiwa na riale 10,000, usinunue gari ya riale 10,000. Nunua ya 8,000, na 2,000 ziweke pembeni kwa mwaka wa kwanza, kwani lazima gari itakudai. Isipokudai, alhamdulillahi, akiba haiozi. Na ikiwa huwezi kuziweka hizo 2,000, basi gari hiyo si ya kiasi chako mwaka huu. Ngoja mwaka ujao.

Wanangu, hapana muuzaji atakayekuuzia matumaini ya kweli kwa maneno. Matumaini hupatikana kwa daftari, nambari, fundi na karatasi, na muuzaji mwema huviruhusu vyote vinne bila ya kununa. Huyo mkimpata, mtajeni kwa jina katika baraza zetu ili na wengine wafaidike. Mwenyezi Mungu azibariki chumo zenu, na awafikishe salama nyinyi na mnaowapakia.