Huyu Fuko wa Tsavo Hajui Kuzeeka

Wasee, cheki hii swali. Panya wa keja yako, hata umlishe vipi, akifika miaka mitatu ashazeeka, anangoja tu kudedi. Sasa mbona kuna mnyama wa saizi yake, hapa tu Tsavo, anapiga zaidi ya miaka 30? Anaitwa fuko uchi. Ukimwona mara ya kwanza utashtuka: manyoya hakuna, ngozi imekunjamana, macho ni madogo hadi ni kama hayako, na meno yako nje ya midomo ndio achimbe bila kumeza mchanga. Uzito ni kama gramu 30. Lakini maze, kwa maabara za dunia huyu ni supastaa.

Home yake ni zile sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Ukiteremka barabara ya Mombasa, side za Mtito Andei, ukipata vimlima vidogo vya mchanga vyenye shimo juu, jua chini yako kuna mbogi inachapa kazi. Mara nyingi wako kama 70 ama 80, na kuna mbogi zimewahi kukaribia 300. Mwenye anazaa ni dame mmoja, malkia. Wengine ni kuchimba, kusaka viazi mwitu, kulea watoi wake na kulinda nyoka asiingie. Malkia akidedi, madame wengine wanaweza kupigana hadi kuuana, na mwenye ameshinda mwili wake unarefuka, mpaka mifupa ya mgongo, ndio abebe mimba ya watoi kibao. Hiyo form tulikuwa tunaijua kwa nyuki na siafu. Kumbe hata mnyama wa kunyonyesha anaeza. Jennifer Jarvis, mwenye alianza kuwasoma akiwa Nairobi miaka ya 1960, ndiye alifungua dunia macho na utafiti wake wa 1981.

Hapa ndio stori inanibamba sana. 2021, watafiti wa Berlin, Alison Barker na Gary Lewin, walitoa kazi kuhusu vile hawa fuko wanabonga. Wakikutana kwa giza wanatoa kasauti fulani ka salamu, na kila mbogi ina lafudhi yake, vile Sheng ya Kayole haitoki mdomoni sawa na ya Kibera. Mtoi akichukuliwa akiwa mdogo akalelewa na mbogi ingine, anakua akibonga kama hao wenye wamemlea. Malkia akitoka, lafudhi inaanza kuharibika, kila mtu na sauti yake. Mimi nikisoma hivyo naona swali kubwa sana kuhusu sisi: lugha ya mtaa inashikiliwa na nani?

Mambo ya pumzi nayo ni noma. 2017, Lewin na Thomas Park wa Chicago waliwaweka mahali hakuna oksijeni hata kidogo. Panya wa kawaida hapo hamalizi dakika moja. Fuko alizima kama amelala, moyo ukapunguza mapigo, na dakika 18 zikapita. Hewa ikarudi, akaamka, ubongo fiti. Siri ni sukari. Seli zetu zinategemea glukosi, na oksijeni ikiisha hiyo njia inaziba haraka. Fuko anageukia fruktosi, sukari ya matunda, na ubongo na moyo wake zinajua kuitumia. Binadamu tunaichakata zaidi kwa ini. Daktari mwenye ako na mgonjwa wa kiharusi, damu haifiki kichwani, anapigana na dakika. Ndio maana hii si stori ya kupitisha githaa.

Halafu kansa. Fuko hupata kansa mara chache sana. 2013, Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipata kuwa mwili wake umejaa hayaluronani, ute fulani wa kati ya seli, na molekuli zake ni ndefu mara tano kuliko zetu. Huo ute unazuia seli zisisongamane na kuota ovyo. Wasupa wa luku wanajua jina linalofanana na hilo kwa chupa za seramu ya ngozi. Ile seramu inasaidia ngozi ishike maji, basi. Mtu akikuuzia akisema inazuia kansa, usimpee doo yako.

2023 hao hao wa Rochester walichukua jeni ya fuko inayotengeneza huo ute, wakaiweka kwa panya wa kawaida. Panya wakapata kansa kidogo, na umri wao wa kati wa kuishi ukapanda kwa asilimia 4.4. Inaonekana ndogo, lakini ni nguvu ya mnyama mmoja imehamishiwa kwa mwingine na ikafanya kazi. Kwa binadamu bado safari ni ndefu. Calico, kampuni iliyoanzishwa na Google kusoma uzee, nayo ilimchukua mtafiti Rochelle Buffenstein, na 2018 akaonyesha kwa rekodi zaidi ya 3,000 kuwa hatari ya fuko kudedi haipandi vile anaongeza miaka. Yetu, baada ya miaka 30, hujirudia maradufu kila miaka minane hivi.

Rochester, Berlin, Chicago, California. Hizo ndizo base za majibu, na fuko mwenyewe ako Makueni, Meru na Taita Taveta, chini ya miguu ya watoi wetu. Hiyo lazima ibadilike. Odijo wa bayolojia wa hizo side, mvua ikinyesha na udongo ulainike, peleka darasa wakaone mchanga ukirushwa. Wasichimbe, wasishike. Wacheki, waandike, kisha waachie waulize hadi maswali yakushinde.